Nasaba za Washirazi, kutoka Kilwa hadi Tungi

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, tangu Ibo na visiwa vya Kerimba hadi Palma na mdomo wa mto Ruvuma, familia zilizotawala zamani zilijinasibisha na Washirazi. Masultani wa Tungi, waliokuwa na mji wao kwenye ghuba ya Palma ya leo, walijihesabu humo. Dai hilo limesomwa kwa namna mbili zinazopingana. Wako wanaoliona kuwa habari ya kweli ya safari kutoka Uajemi, na wako wanaoliona kuwa uzushi wa watu waliotaka kujitenga na majirani zao wa bara. Kabla ya kuelemea upande wowote, inafaa tuone kwanza nasaba inavyoundwa.

Nasaba ni mfululizo wa majina unaomuunganisha mtu na mzee wake wa mbali, mzazi kwa mzazi, kwa neno “bin” au “binti”. Nisba ni jambo jingine: ni jina la mwisho linaloonyesha mji au kundi analohesabiwa mtu, kama al-Shirazi au al-Barwani. Nasaba inadai damu katika kila hatua. Nisba inadai uhusiano tu, na uhusiano huo mtu anaweza kuupata kwa kuzaliwa, kwa kuoa, au kwa kuishi muda mrefu chini ya ulinzi wa nyumba kubwa. Ukoo nao ni jumla ya watu wanaokubaliana kwamba wametokana na mzee mmoja. Hugawanyika milango, na ndani ya mlango watu hutengwa kwa matumbo, yaani kwa mama zao. Mambo haya yakichanganywa, mjadala wote wa Ushirazi huvurugika, maana mtu anaweza kuwa na nisba ya haki kabisa huku nasaba yake ikiwa na mapengo.

Mapengo hayo yanahesabika. Tuseme mzee aliyezaliwa mwaka 1940 anataja majina tisa juu yake, na la tisa ni la Mshirazi wa kwanza aliyeshuka jahazini. Tukikadiria miaka 30 kwa kizazi, majina tisa yanatufikisha karibu na mwaka 1670. Lakini utawala wa Kishirazi wa Kilwa, mji wa kisiwani katika Tanzania ya leo, ulianza karne nyingi kabla ya Wareno kuushambulia mji huo mwaka 1505. Kufika karne ya 11, ambako ushahidi tutakaouona unaelekeza, kungehitaji majina kama 29. Je, mzee amedanganya? La. Nasaba ya kukariri hutunza majina yenye kazi: aliyegawa mashamba, aliyeanzisha mlango, aliyehamia kisiwa kingine. Mtu aliyezaa mwana mmoja na kumwachia kila kitu hana anachokitenganisha, na jina lake huanguka. Majina yanayojirudia, Muhammad bin Ali bin Muhammad bin Ali, nayo huyeyukia ndani ya mengine. Kwa hiyo nasaba fupi inaweza kuwa sahihi katika ncha zake na pungufu katikati.

Kipimo kizuri zaidi tulicho nacho ni nasaba ya Kilwa yenyewe, kwa sababu imetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza imo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552. Ya pili ni tarikhi ya Kiarabu iliyotungwa karne hiyohiyo ya 16, ambayo nakala yake ya mwaka 1877, iliyoandikwa Unguja, iko London. Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili aliyoyachapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Zote tatu zinamtaja Ali kuwa mwanzilishi, lakini baba yake anabadilika. Kwa Waarabu na Wareno ni Husein, kwa Waswahili ni Selimani.

Linalobadilika zaidi, na kwangu ndilo lenye uzito, ni nafasi ya mwanamke. Barros anaeleza kwamba Ali alidharauliwa na ndugu zake kwa kuwa mama yake alikuwa mjakazi wa Kihabeshi, ilhali wao walizaliwa na mama wa damu ya kifalme ya Uajemi. Ndiyo maana akaondoka. Tarikhi ya Kiarabu haimtaji mama huyo. Inasimulia majahazi saba, moja likaishia Kilwa na jingine Nzuani, kisha kisiwa cha Kilwa kikanunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Masimulizi ya Kiswahili yana nguo hizohizo, lakini yanamleta pia Mrimba, mzee mwenye kisiwa, na binti yake aliyeolewa na Ali. Mtoto wa ndoa hiyo, Muhammad, alipokua alikwenda kwa babu yake mzaa mama, naye Mrimba akamwachia madaraka yake.

Zitazame haki zinazodaiwa hapo. Nguo zinathibitisha ununuzi, na ununuzi unaeleweka kwa kadhi na kwa mfanyabiashara wa kigeni. Ndoa na binti Mrimba inathibitisha kitu kingine: kwamba mtawala ni mjukuu wa mwenye ardhi. Masimulizi ya Kiswahili yalishika hoja zote mbili kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa wa namna mbili.

Ushahidi wa nje unasemaje? Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, anayedhaniwa kuwa ndiye Ali wa masimulizi ingawa jina la baba linatofautiana tena, zimeokotwa kwa wingi Kilwa na Mafia. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, aliziweka mwishoni mwa karne ya 12. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, zenye jina hilohilo miongoni mwa majina ya watawala, pamoja na dinari za dhahabu ambazo ya karibuni kabisa ilipigwa mwaka 1066. Jina likarudi nyuma zaidi ya karne moja. Sarafu haisemi mtu alitoka wapi, ila inasema kwamba alikuwepo, na kwamba alimtaja baba yake.

Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya miaka 1250 na 1800 hivi, katika miji ya zamani ya Kenya na Tanzania, Kilwa ikiwemo. Katika mingi ya mifupa hiyo, nusu au zaidi ya asili ilikuwa ya Kiafrika, na ilipitia hasa kwa wanawake. Asili ya Kiasia ilipitia hasa kwa wanaume, sehemu yake kubwa ikiwa ya Uajemi, na mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000. Hayo hayathibitishi nasaba ya familia yoyote, ya Kilwa wala ya Tungi. Yanaonyesha tu kwamba babu Mwajemi si wa kubuni, na kwamba bibi Mwafrika alikuwa wa kweli vilevile, ingawa “bin” humruka kila hatua.

Sasa turudi kaskazini ya Msumbiji. Wamakua na Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Wamakua huuita nihimo. Mrithi wa mkuu kwa desturi hiyo ni mtoto wa dada yake. Sheria ya Kiislamu inamrithisha mtoto wa kumzaa. Mwanamume Mshirazi akioa ndani ya nihimo inayomiliki ardhi, mtoto wao hudai jina la msikiti kwa baba na shamba kwa mama. Hadithi ya binti Mrimba imejengwa kwa mpango huohuo. Kwa maoni yangu ndiyo maana Ushirazi ulidumu pwani hii hata biashara ya Kilwa ilipokwisha. Ulikuwa nusu ya hati, na nusu nyingine ilishikwa na wanawake waliobaki penye mashamba na visima.

Nusu hiyo ndiyo inayohitajika leo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Madagaska walivishambulia visiwa vya Kerimba na kutawanya watu, na huenda nasaba zililazimika kuungwa upya. Mashambulizi ya waasi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 na kufika Palma Machi 2021 yametawanya wengi zaidi, wengine hadi Pemba ya Msumbiji na ng’ambo ya Ruvuma. Tayari mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, ulikuwa umeanza kuwahamisha watu wa Quitupo kwenda kijiji kipya cha Quitunda. Kila anayerudi au anayedai fidia huulizwa ardhi ilikuwa ya nani.

Sheria ya Ardhi ya Msumbiji, namba 19/97, inaiacha ardhi mikononi mwa serikali, lakini inatambua haki ya kuitumia inayopatikana kwa desturi, au kwa kuikalia kwa nia njema miaka 10. Kutosajiliwa hakuondoi haki hiyo. Ushahidi wa mdomo wa wanajamii unakubaliwa, na sheria inataja waziwazi wanaume na wanawake.

Kwa hiyo anayeandika nasaba katika kambi za wakimbizi wa ndani asiishie kwenye safu ya kina baba. Kwa kila jina aulize tumbo: mama alikuwa nani, wa ukoo gani, alilima wapi, na mpaka wake uliishia kwa nani. Mapengo ya upande wa baba yaachwe wazi kama yalivyo, bila kujazwa majina ya kubahatisha ili orodha ifike Shiraz, maana haki ya shamba la Palma haitegemei Shiraz. Na bibi wanaojua nani alipewa shamba na nani wahojiwe wao wenyewe, si kupitia kwa wajukuu zao wa kiume, na wahojiwe sasa.