Vipele vya usoni ambavyo si chunusi

Mtu mweusi anayeugua rozasea huweza kukaa miaka bila kulisikia jina la ugonjwa wake. Vitabu vya tiba hufungua mada hii kwa wekundu wa mashavu na pua, na picha zake nyingi ni za Wazungu. Kwenye ngozi yetu wekundu huo humezwa na rangi. Kinachobaki kuonekana ni vipele, ngozi iliyokoza, pengine uvimbe kidogo. Basi mgonjwa huambiwa ana chunusi, hununua dawa kali ya kukausha chunusi, na uso huzidi kuwaka.

Ndiyo maana maswali hutangulia taa ya daktari. Uso hupata joto ghafla ukitoka juani au ukinywa kitu cha moto? Sabuni ya kawaida inakuchoma? Macho yanakwaruza kana kwamba yameingia mchanga? Rozasea hushika mashavu, pua, kidevu na paji la uso, aghalabu kuanzia umri wa miaka 30, na haina vile vichwa vyeusi vinavyoziba vinyweleo vya mwenye chunusi. Ugonjwa wa lupasi nao hukaa mashavuni, kwa hiyo mwenye maumivu ya viungo au homa zisizoisha apimwe damu kwanza.

Ugonjwa hauambukizi wala hauletwi na uchafu. Kinga ya ngozi huchachamaa kupita kiasi, mishipa midogo ya damu hutanuka upesi, na vijidudu viitwavyo demodeksi, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo usoni, huongezeka. Kujisugua kwa dodoki na sabuni ya dawa ni kuuchokoza tu.

Swali zito kuliko yote ni hili: unapaka nini? Jibu la kwanza huwa “mafuta tu”. Ukidadisi, hutokea tyubu ya betamethasoni au klobetasoli, au mkorogo wenye steroidi hizo ndani. Ni dawa nzuri kwa pumu ya ngozi, zikitumika kwa muda na kwa maelekezo, lakini uso si mahali pake. Siku za mwanzo ngozi hulainika na vipele hunywea. Miezi ikipita ngozi hukonda, na vipele hurudi kwa wingi. Hiyo ni rozasea iliyotengenezwa na tyubu. Mgonjwa akiacha kupaka, ndani ya siku chache uso unamdai: unavimba, unawaka, unatoa usaha. Anarudi dukani. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba hali itaharibika kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia, la sivyo hatavumilia. Daktari anaweza kumshusha kwa steroidi hafifu au kumpa takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi.

Dawa zenyewe zipo. Krimu ya metronidazoli ya asilimia 0.75 imetumika kwa miaka mingi. Mimi kwa ngozi nyeusi hupendelea asidi ya azelaiki ya asilimia 15, kwa sababu hutuliza vipele na kufifisha madoa yanayobaki, na mjamzito anaweza kuitumia. Krimu ya ivermektini ya asilimia 1, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, hupunguza demodeksi. Ni dawa ileile ambayo kwa vidonge hugawiwa vijijini kwetu dhidi ya usubi na matende. (Ile ya mifugo isiguse uso wa mtu.) Vipele vikiwa vingi huongezwa doksisaiklini ya kumeza, ambayo hapa kazi yake ni kupoza uvimbe, imezwe kwa maji mengi, na mjamzito asipewe. Matokeo yahesabiwe baada ya wiki 8 hadi 12, si siku tatu.

Jua ndilo mchokozi mkubwa. Losheni ya kinga yenye SPF 30 au zaidi, ya zinki, haichomi sana, ila huacha weupe. Zenye rangi ya ngozi huondoa kero hiyo. Kwa mama lishe anayeinamia jiko la mkaa mchana kutwa, kusogea na kupata upepo kunafaa kuliko krimu ya bei mbaya. Chai ipoe kidogo: kinachosumbua hasa ni joto lake. Pilipili simkatazi kila mtu, ajichunguze.

Macho yakiuma, yakiogopa mwanga au kuona kukififia, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, kwani rozasea huweza kujeruhi konea.