Boti ya Moteri Iliyokwisha Tumika: Tazameni Kabla ya Kulipa



Mara kwa mara ndugu wananijia kwa swali moja. Wanakuja Jumamosi, kazi za maendeleo zikiisha, wanakaa kwenye ukuta mfupi mbele ya nyumba yangu hapa Mutanga Nord, mahali ambapo ukitazama chini unaliona ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Wanasema: "Ndugu, tuna pesa kidogo ya upatu. Tunataka boti ya moteri. Tufanyeje tusiibiwe?" Boti mpya hawaiwezi. Wanatafuta iliyokwisha tumika. Mimi si fundi, na shule yangu ilikoma ya msingi, lakini kuibiwa nimeibiwa, na somo hilo nililipa bei kamili.

Sababu yao naielewa. Mvuvi wa boti ya tajiri anakesha ziwani na taa usiku mzima. Asubuhi ndagala na mukeke zikiuzwa, kwanza inatolewa pesa ya esanse, halafu fungu la boti, fungu la moteri, fungu la nyavu, na kinachobaki ndicho wanachogawana watu walioloa. Mwenye boti alikuwa amelala kitandani. Kwa hiyo wafanyakazi wakijikusanya kupata chombo chao wenyewe, hilo ni jambo jema na chama lazima kiwaunge mkono. Lakini mkinunua chombo kibovu mmehama tu kwa tajiri, mnaanza kumtumikia fundi wa moteri, na yeye fungu lake halingoji samaki.

Sisi tulikuwa sita: wapakuzi wawili wa bandarini, mwashi, mlinzi wa usiku, mvuvi mmoja na mimi. Pesa yetu ilikuwa ya upatu wa miaka mitatu. Tulikwenda kwenye mwalo mmoja kusini ya mji, tukakuta boti imekaa juu ya mchanga, imepakwa rangi mpya ya buluu, inapendeza. Muuzaji akavuta kamba mara mbili, moteri ikanguruma hapo hapo hewani, akaizima haraka. Tukafurahi kama watoto. Mvuvi wetu peke yake ndiye aliyesema, "Kaka zangu, tuiweke majini kwanza ilale." Tukamwona anatuchelewesha. Tukalipa.

Hiyo ilikuwa Julai 2019, msimu wa upepo wa kusi. Wiki ya pili, saa nne za usiku, moteri ikazima mbali na pwani na haikuwaka tena. Makasia tulikuwa na moja. Maji yakaanza kuingia nyuma, pale moteri ilipofungwa, na mawimbi yakawa yanaipiga boti ubavuni. Tulitoa maji kwa sufuria ya ugali kwa zamu mpaka alfajiri, wavuvi wengine walipotuona wakatuvuta. Hakuna aliyekufa. Mlinzi wetu hakukanyaga tena ndani ya boti, na mimi simlaumu.

Moteri tuliipeleka Buyenzi kwa fundi mmoja mzee. Nikamwuliza, "Mzee, inaponaje hii?" Akafungua skrubu ya chini kwenye mguu wa moteri, pale penye gia. Badala ya mafuta yakatoka maji meupe kama maziwa. Akasema, "Mdogo wangu, muuzaji anasema uongo, lakini haya mafuta hayawezi." Yote ninayoandika hapa chini yalianza siku ile, juu ya ile beseni yake.

Jambo la kwanza ni mbao. Rangi mpya kwenye boti ya zamani isikufurahishe, ikutie wasiwasi. Chukua kisu kidogo, uchome taratibu kwenye mkuku, kwenye mataruma mahali yanapokutana na mbao za chini, na hasa kwenye ubao wa nyuma unaobeba moteri. Mbao nzima inakataa kisu, mbao iliyooza inakipokea. Gonga pia kwa mpini wa nyundo na usikilize. Penye uzima pana sauti kavu, penye kuoza pana sauti ya kifua cha mgonjwa. Ubao wetu wa nyuma ulikuwa umejazwa unga wa mbao na gundi, juu yake rangi. Siku hizi, kabla sijauliza bei, naushika mguu wa moteri nikiuinua na kuutikisa kwa nguvu. Ubao ukicheza au ukilia, basi mazungumzo yamekwisha, au bei ishuke mpaka itoshe ubao mpya na kazi ya seremala.

Halafu boti ilale majini usiku mmoja. Hapa lazima kuwa na haki, maana boti iliyokaa juani muda mrefu mbao zake hukauka na kuachana, na ikiingizwa majini huvuja hata kama ni nzima. Baada ya muda mbao zinavimba, zinabana. Kwa hiyo ukiona maji saa ya kwanza usikimbie, ila ukikuta asubuhi bado yanaingia kwa kasi ile ile, basi kalafati imekufa au misumari imelegea. Muuzaji anayekataa boti yake ilale majini amekwisha kukujibu. Jambo hili limekuwa kubwa zaidi tangu mtindo wa kufunga uvuvi uanze. Mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa letu kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaane. Boti hukaa miezi mitatu juani, moteri zinakaa na esanse ya zamani ndani ya kabureta, na wakati huo huo mwenye njaa anauza kwa bei ndogo. Unaweza kupata chombo kizuri wakati huo, lakini usinunue ambacho hujakiona kikiloa.

Moteri, usikubali ikuwashiwe hewani. Moteri ya boti hupozwa na maji yanayovutwa na pampu yenye mpira mdogo wa mabawa, na ikizunguka bila maji, hata kwa muda mfupi, mpira huo unaungua. Yule bwana alitudanganya na papo hapo akaiharibu moteri aliyokuwa akituuzia. Iwekeni kwenye pipa la maji, au bora zaidi, ifungwe kwenye boti mwende nayo ziwani kwa muda wa saa nzima. Iwashwe ikiwa baridi, wewe ukiwepo, maana moteri iliyopashwa moto kabla hujafika inawaka kwa kila mtu. Tazama nyuma: moteri nzima inakojoa maji mfululizo. Ikikojoa kidogo kidogo au ikaacha, pampu imechoka au njia imeziba mchanga. Miamba na mchanga wa mialo yetu hula mipira hiyo haraka, hasa kwa wale wanaowasha moteri maji yakiwa ya magotini.

Fungua buji, ambazo watu wa Kigoma wanaziita plagi. Rangi ya kahawia ni ya afya. Nyeusi na yenye kuloa mafuta inasema mchanganyiko ni mbaya au pistoni zimechoka. Nyeupe inasema moteri inapata moto kupita kiasi. Fundi mwenye kipimo cha mgandamizo apime kila silinda. Zisiachane sana, zaidi ya sehemu moja ya kumi ni dalili mbaya. Fundi huyo uje naye wewe na umlipe wewe. Fundi anayekutwa amekaa mwaloni pamoja na muuzaji si wako.

Pima pia urefu wa mguu. Kuna moteri za mguu mfupi, kama sentimita 38, na za mguu mrefu, kama 51. Kile kibati bapa kilicho juu ya pangaboi kinatakiwa kiwe sawa na chini ya boti au kishuke kidogo tu. Ukifunga mguu mfupi kwenye boti ndefu, pangaboi inavuta hewa, moteri inalia sana na boti haiendi. Wengi huilaumu moteri bure. Na kama moteri ilifanya kazi baharini kabla ya kuletwa huku, tafuta ukungu mweupe wa chumvi ndani ya kofia na kwenye bolti. Ziwa letu ni maji baridi na linaonea chuma huruma, bahari haina huruma hiyo.

Namba ya moteri ioneni kwa macho, mlinganishe na karatasi ya kununulia. Moteri zinaibwa sana ziwani. Namba iliyosuguliwa kwa tupa maana yake unanunua kesi, na moteri itachukuliwa na pesa haitarudi.

Wapo wanaosema chombo cha zamani hakifai kabisa. Hao niwakumbushe meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wao walizipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya. Ilikaa miaka mingi chini ya maji, grisi ikailinda. Moteri zetu zinakufa zikiwa juu ya maji, kwa kukosa kopo moja la mafuta.

Sisi tulitengeneza ile ile boti, maana hatukuwa na pesa ya nyingine. Tukaweka ubao mpya wa nyuma wa mvule, kalafati mpya, mpira wa pampu na sili za gia. Ikatuchukua miezi saba ya kuchanga tena. Halafu tukapatana jambo ambalo lilizua ugomvi mkubwa kuliko yote: fungu la moteri litoke kwanza, kabla ya mtu yeyote kugusa pesa, hata usiku wa samaki wachache. Mwashi alisema tumekuwa matajiri wa kujinyonya wenyewe. Tulibishana majuma mawili. Mwishowe alikubali, kwa sharti kwamba pesa isishikwe na mtu mmoja, na hapo alikuwa na haki.

Fungu hilo linalipa mafuta ya gia kila miezi sita, tukiyajaza kutoka tundu la chini mpaka yatokee la juu ili hewa isibaki. Linalipa mpira wa pampu kila mwaka, hata ukionekana mzima. Linalipa mafuta ya kuchanganya: moteri yetu inataka sehemu 1 kwa 50, yaani desilita 4 kwa bidoni ya lita 20. Ukipunguza ili kubana pesa, pistoni inakwama. Ukizidisha, buji zinachafuka. Miaka ile ya uhaba wa esanse, 2023 na 2024, tulinunua popote ilipopatikana, nyingine ikiwa na maji ndani. Tukajifunza kuiacha bidoni itulie usiku, kumimina kupitia kitambaa, na kuacha vidole viwili vya chini bila kumimina. Uvuvi ukifungwa tunamaliza esanse yote ndani ya kabureta, tunapaka grisi, na moteri inalala imesimama wima, kwenye nyumba ya mtu, siyo mwaloni. Boti tunaifunika makuti, na kila wiki mmoja wetu anaimwagia maji ndani mbao zisiachane.

Makasia sasa ni manne, na makoti ya kuokolea ni sita, moja kwa kila mtu.

Yote haya tunayaandika kwenye daftari: tarehe, saa moteri ilizofanya kazi, kilichonunuliwa, na sahihi za watu wawili. Daftari liko kwangu. Kikundi chochote kinachotaka kulitazama kabla ya kununua kije Jumamosi baada ya saa saba mchana, na kama kuna boti mnayoitaka, njooni mapema ili fundi wa Buyenzi naye tumpate.