Saa Ishirini na Nne Bila Arosto

Lawama ni ileile tangu kliniki ya kwanza ya methadoni ilipofunguliwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Februari 2011: serikali inawabadilishia mateja ulevi, inawanyang'anya unga na kuwapa unga wake wa maji. Utaisikia kwenye daladala, utaisikia msibani, na utaisikia kwa ndugu wa mgonjwa mwenyewe, watu walioibiwa televisheni na masufuria hadi wakachoka. Inastahili kujibiwa kwa heshima, maana heroini na methadoni kweli ni za ukoo mmoja. Zote mbili hushika vipokezi vilevile kwenye ubongo. Kinachozitofautisha ni mwendo, na kwenye uraibu wa heroini mwendo ndio mzizi wa mateso.

Vipokezi hivyo vilionyeshwa maabara mwaka 1973, na miongoni mwa waliovionyesha ni Candace Pert na Solomon Snyder wa Johns Hopkins, Marekani. Miaka miwili baadaye, John Hughes na Hans Kosterlitz waliokuwa Aberdeen, Uskoti, wakaeleza vina kazi gani: mwili wenyewe hutengeneza kemikali za jamii ya afyuni, kidogo kidogo, za kutuliza maumivu. Heroini huingia kwenye mfumo huo kwa kishindo. Mtu akijidunga, inafika kwenye ubongo kwa sekunde chache, inageuka mofini, na baada ya saa chache imekwisha.

Hapo ndipo arosto inapoanza. Miayo, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, kuhara, maumivu ya mifupa yasiyo na pa kushika. Kuna sehemu ndogo kwenye shina la ubongo inayomwaga noradrenalini, kemikali inayotuweka macho. Unga huikandamiza. Ikikandamizwa miezi na miezi, sehemu hiyo huongeza bidii ili mtu aweze angalau kuamka na kutembea. Siku unga unapokosekana, bidii yote ile inabaki bila wa kuizuia. Kwa hiyo mtu wa kete nne kwa siku haamki akitafuta raha. Raha ilimwacha zamani. Anaamka akitafuta kuwa mzima kwa saa tano, na saa hizo zikiisha anatafuta pesa tena, hata kama ni ya dada yake.

Methadoni ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930 kama dawa ya maumivu. Mwaka 1964 Vincent Dole, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek, wakifanya kazi Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walianza kuwapa dawa hiyo watu waliokwisha kujaribu kuacha heroini wakashindwa, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata. Ikinywewa, hupanda taratibu kwa saa kadhaa, halafu hukaa mwilini kwa siku nzima na zaidi. Dozi ikishapatana na mtu, haimleweshi wala haimwachi aingie arosto. Anayekunywa saa mbili asubuhi anakuwa yuleyule jioni, na yuleyule kesho yake alfajiri. Kwa sababu hiyohiyo dozi huanza chini, isizidi miligramu 30 siku ya kwanza, ikapandishwa polepole: dawa hujikusanya mwilini siku baada ya siku, na anayeharakishwa wiki za mwanzo anaweza kuacha kupumua akiwa usingizini. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Kwenye dirisha la kliniki muuguzi huhakikisha jina, hupima dawa, humwangalia mgonjwa akimaliza kikombe na kunywa maji juu yake, kisha humsemesha. Anayejibu amemeza.

Kuna jambo moja ningependa kila ndugu wa mgonjwa alijue. Kifua kikuu kinawaandama sana watumiaji wa unga, na dawa kuu ya kifua kikuu ni rifampisini, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Rifampisini hulichochea ini lizalishe kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa, na methadoni ni mojawapo ya dawa zinazovunjwa. Mgonjwa aliyetulia kwa miligramu 80, wiki moja au mbili baada ya kuanza tiba ya kifua kikuu anapiga miayo jioni, anatoka jasho usiku, na asubuhi anaonekana maskani. Nyumbani watasema tulijua tu, teja ni teja. Mtu hakubadilika, ini limebadilika. Dozi inatakiwa ipandishwe, wakati mwingine sana, kisha ishushwe kwa uangalifu tiba ikiisha, kwa sababu ini nalo litarudi kwenye mwendo wake wa zamani na dozi ile kubwa itakuwa hatari. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU zilizotumika miaka mingi, zina tabia hiyohiyo, dolutegraviri haina. Nawaza ni wangapi waliofukuzwa nyumbani kwa kosa ambalo lilikuwa la vidonge walivyoandikiwa.

Kuacha kwa kufungiwa nako kuna hatari isiyosemwa vya kutosha. Mtu akikaa gerezani au soba, yaani nyumba ya kuachia unga, miezi kadhaa bila kutumia, mwili hupoteza uzoefu wa unga, lakini kichwa hakisahau kipimo cha zamani. Akitoka na kujidunga kiasi kilekile, sehemu ya ubongo inayosimamia pumzi inazimwa. Wiki mbili za kwanza uraiani ni za kuogopwa kuliko zote. Na mahali penyewe pana nguvu. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake, Kanada, walichapisha jaribio la panya waliozoeshwa heroini katika chumba kimoja. Walipopewa dozi kubwa katika chumba kingine, vifo vilikuwa karibu mara mbili ya vile vya wale waliopewa dozi hiyo pale walipozoea. Mwili hujiandaa unapoona dalili za dawa inayokuja, na sehemu ngeni haiupi dalili. Maandalizi hayohayo ndiyo yanayomtesa mtu aliyeacha mwaka mzima, siku anapopita karibu na kijiwe chake cha zamani na ghafla tumbo linamsokota.

Sheria ya Tanzania ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inambana mtumiaji, ingawa si kwa uzito wa msafirishaji, huku mamlaka iliyoundwa chini yake ikisimamia pia upanuzi wa kliniki za methadoni. Sina neno na kumbana msafirishaji. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya na Tanzania, na shehena hiyo ikateketezwa hukohuko baharini. Ni kazi njema. Lakini ukishauadimisha unga mtaani umewaacha watu kwenye arosto, na hapo kliniki inapaswa iwe imefunguliwa na iwe karibu.

Ukaribu ndio tatizo lililobaki. Dozi hunywewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na nauli ya kwenda na kurudi inamshinda asiye na kazi. Akipata kazi, kazi inagongana na dirisha: konda anatakiwa kwenye gari saa kumi na moja alfajiri, mvuvi hulala baharini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unaruhusu waliotulia kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani, na mimi naunga mkono. Wanaopinga wanahofia dawa itauzwa au itanywewa na mtoto. Hofu zote mbili ni za kweli. Anachokunywa mtu mzima aliyezoea kinatosha kumuua mwanawe. Basi mgonjwa apewe chupa ambayo mtoto hawezi kuifungua, awe na sanduku la kufuli, aitwe bila taarifa arudi na chupa zake zihesabiwe na mkojo upimwe, na akivunja masharti arudi kunywea dirishani kila siku kama alivyoanza.