Kubadilisha sare: Kwa nini askari hahami jeshi kwa urahisi

JARIBIO la mapinduzi la Agosti 1, 1982 lilipozimwa, Jeshi la Wanahewa la Kenya lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina la '82 Air Force na kukabidhiwa Meja Jenerali Mahmoud Mohamed.

Yeye hakuwa mwanahewa. Alikuwa afisa wa jeshi la nchi kavu, na ndiye aliyeongoza wanajeshi waliozima uasi huo. Serikali ilitaka mtu wa kuaminika, na amri ikatosha.

Kwa askari wa kawaida anayetamani sare nyingine kwa hiari yake, amri kama hiyo haipo. Mfano mwafaka ni Marekani, ambako baadhi ya vijana waliotoka humu nchini wamejiunga na jeshi, na ambako sheria za kuhama zimeandikwa waziwazi.

Wengi hudhani askari huhama kama mwalimu anayetolewa shule moja na kupelekwa nyingine, mwajiri akiwa yule yule. Sivyo. Marekani ina majeshi sita, na kila moja huandikisha watu wake kwa mkataba wake. Anayetaka kuhama huomba mambo mawili kwa pamoja: kuachiliwa na kupokewa.

Kuachiliwa ndiko kugumu. Askari hujaza fomu iitwayo DD 368, ambayo kwayo jeshi lake hukubali kumwachilia endapo lile jingine litamchukua. Wakubwa wake wana uhuru wa kukataa, hasa iwapo ana ujuzi adimu. Afisa anayeandikisha askari upande wa pili aghalabu huwa na maneno matamu, lakini maneno yake si kibali. Anayeondoka kambini kwa kuyategemea huhesabiwa kuwa mtoro.

Hata akipokewa, huenda kazi aliyoisomea isiwe na nafasi huko aendako. Fundi wa mitambo ya meli anaweza kulazimika kujifunza kazi mpya kabisa, pengine kwa cheo cha chini kuliko alichokuwa nacho. La kumfariji ni kwamba miaka aliyotumikia haipotei katika hesabu ya pensheni.

Kwa maafisa, sheria inadai ridhaa ya mhusika mwenyewe, na inakataza asiwekwe katika daraja la juu kuliko alilokuwa nalo siku moja kabla ya kuhama. Ni busara: bila kizuizi hicho, kila aliyenyimwa cheo kwao angekitafuta kwa jirani.

Milango hufunguka wakati wa haja. Mwaka 2004, vita vya Iraq na Afghanistan vikiendelea, jeshi la nchi kavu lilihitaji watu huku wanahewa na wanamaji wakipunguza wao. Ukaanzishwa mpango ulioitwa Operation Blue to Green, yaani kutoka sare ya samawati hadi ya kijani. Waliojitokeza walipewa kozi ya wiki nne hivi badala ya kurudia mafunzo yote ya awali.

Kikosi cha Marine hakina huruma hiyo. Anayetoka jeshi jingine, hata akiwa na nishani za vita kifuani, huanza upya pamoja na makurutu wa miaka 18, kwa wiki 13, katika kambi ya Parris Island au ya San Diego. Lakini Marine akihamia nchi kavu, mafunzo yake ya awali hutambuliwa.

Jeshi la Anga za Juu lilipoundwa Desemba 20, 2019, maelfu ya wanahewa waliombwa kujiunga nalo. Wengi walibaki katika ofisi zile zile, wakiongoza setilaiti zile zile. Hata hivyo, ilibidi kila mmoja akubali kwa hiari, aondolewe katika jeshi lake la zamani na kula kiapo upya.