KUZINDUKA SI KUPONA: DAMU YA MTOTO BAADA YA MALARIA YA UBONGO

Mtoto aliyelazwa kwa malaria ya ubongo anapozinduka na kuomba uji, familia hushukuru na kujiandaa kurudi nyumbani. Hata hivyo, baadhi ya madhara huonekana miezi kadhaa baadaye: kusahau upesi, kutotulia darasani, kuchelewa kusema au kupatwa na kifafa.

Jambo hili linawahusu pia wakazi wa milimani. Malaria hupungua kadiri mtu anavyopanda Usambara. Kwa hiyo watoto wa huku juu hawajengi kinga ya kutosha. Wanaposhuka Mombo au Mkomazi kutembelea ndugu, wanaweza kuugua vikali.

Katika ugonjwa huu, chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo na kuzuia damu kupita vema. Nyuzi za neva zikiumia, protini iitwayo tau, ambayo kazi yake ni kuimarisha nyuzi hizo, huvuja na kuingia katika damu. Humo inaweza kupimwa.

Watafiti waliipima kwa watoto waliolazwa na malaria kali katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kisha wakawafuatilia kwa miaka 2. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa watoto waliokuwa na tau nyingi walipolazwa walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki. Miongoni mwa walionusurika, hasa waliougua malaria ya ubongo kabla ya kutimiza miaka 5, tau nyingi iliendana na uwezo mdogo wa kufikiri. Utafiti uliotangulia nchini humo, wa mwaka 2008, ulikuta kuwa takriban mtoto 1 kati ya 4 walionusurika malaria ya ubongo alikuwa na upungufu huo miaka 2 baadaye.

Manufaa ya kipimo cha tau yangekuwa kumtambua mapema mtoto anayehitaji kufuatiliwa kwa karibu. Kwa sasa kingali cha maabara za utafiti. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotumika katika zahanati huonyesha kuwapo kwa malaria tu. Hakipimi hali ya ubongo. Aidha, tau nyingi ni ishara ya hatari, si hukumu.

Kwa hiyo, wazazi na walezi wanahimizwa kuzingatia yafuatayo:

1. Mtoto mwenye homa apimwe mapema. Akipata degedege, akilegea, akitapika kila kitu au akishindwa kunyonya au kunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana.

2. Mtoa huduma aelezwe iwapo mtoto alishuka tambarare wiki za karibuni.

3. Baada ya kuruhusiwa, mtoto arudishwe kliniki kwa tarehe aliyopangiwa, hata akionekana mzima.

4. Mwalimu aarifiwe kuhusu ugonjwa huo, ili mtoto anayesahau asichapwe kwa kudhaniwa mvivu.