Si kila doa kwenye mapafu ni kifua kikuu

Kikopey, karibu na mji wa Gilgil katika barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, inasifika kwa nyama choma. Lakini mkazi wa huko anayekohoa kwa wiki kadhaa huku akipungua uzani hushuku jambo moja tu: kifua kikuu.

Shaka hiyo ina msingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiorodhesha Kenya miongoni mwa mataifa 30 yanayolemewa zaidi na maradhi hayo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa kati ya 2015 na 2016 ulikadiria kuwa watu wazima 558 katika kila 100,000 walikuwa nayo.

Hata hivyo, kuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo mno, uitwao sakoidosi. Katika magonjwa yote mawili, mgonjwa hukohoa, huchoka na huweza kupata homa na kukonda. Picha ya eksirei nayo huonyesha madoa mapafuni na tezi zilizovimba.

Tofauti kubwa iko kwenye chanzo. Kifua kikuu huletwa na bakteria, waliotangazwa na Mjerumani Robert Koch mnamo 1882, na huambukizwa kwa njia ya hewa. Sakoidosi haiambukizi. Kinga ya mwili hujikusanya na kufanya vinundu vidogo katika mapafu na viungo vingine, na chanzo chake hasa hakijabainika.

Zipo dalili zinazoweza kumwongoza daktari. Kutokwa jasho jingi usiku, kukohoa damu na mashimo katika sehemu ya juu ya mapafu huashiria zaidi kifua kikuu. Kikohozi kikavu, macho mekundu yenye maumivu, vipele ngozini, na tezi zilizovimba kwa ulinganifu pande zote mbili za kifua huelekeza kwa sakoidosi. Lakini dalili pekee hazitoshi.

Kwa sababu hiyo, makohozi hupimwa kwanza. Mashine ya GeneXpert hutambua bakteria kwa muda wa saa mbili hivi, na pia huonyesha iwapo wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Bakteria wasipoonekana, daktari anaweza kuagiza makohozi yaoteshwe katika maabara, kazi inayochukua wiki kadhaa, au kipande kidogo cha tezi au pafu kikatwe na kuchunguzwa.

Subira hiyo ina maana. Sakoidosi ikihitaji tiba, aghalabu hutibiwa kwa steroidi, dawa zinazopunguza nguvu za kinga. Mwenye kifua kikuu akipewa dawa hizo pekee kimakosa, bakteria hupata nafasi ya kuenea. Kwa upande mwingine, mwenye sakoidosi akimezeshwa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, ini lake linaweza kudhurika bure huku makovu yakizidi mapafuni.

Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini Kenya. Aliyeanzishiwa dawa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Lakini ikiwa amezimeza ipasavyo bila nafuu, na bakteria hawakuwahi kuonekana katika makohozi yake, ana haki ya kumwomba daktari aanze uchunguzi upya.