Kusafisha Orodha za Maneno kwa Zana za Kuulizia Data

Kazi ya kukusanya maneno ya lugha haikomi pale neno linapoandikwa. Neno lililokwisha kuandikwa lahitaji kuwekwa mahali pake, likatiwa ngeli yake, maana yake na lahaja yake, ili mtu mwingine apate kulitafuta na kuliona. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kadi za karatasi zilizopangwa masandukuni kwa utaratibu wa alfabeti. Siku hizi sehemu kubwa yake hufanywa katika lahajedwali za kompyuta. Mabadiliko hayo yameleta wepesi mwingi, lakini yameleta pia namna ya makosa ambayo kadi hazikuyajua. Kadi haikuweza kuigeuza ngeli ikawa tarehe. Lahajedwali yaweza, tena hufanya hivyo bila ya kumwarifu mwenye kazi.

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi orodha ya maneno ya Kiswahili inavyoweza kusafishwa na kupangwa upya kwa zana za kuulizia data, hasa ile iitwayo Power Query iliyomo ndani ya Excel, na kuonyesha mahali ambapo mwenye kujifunza zana hizo hana budi kusimama na kuiuliza sarufi kabla ya kuiamini mashine.

1. Zana yenyewe

Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, mwaka 1979. Excel ilifuata mwaka 1985. Programu hizo zilitungwa kwa ajili ya hesabu, wala si kwa ajili ya maneno, na jambo hilo lafaa kukumbukwa katika yote yatakayofuata. Fikira ya kuiuliza data yatoka upande mwingine. Mwaka 1970 E. F. Codd alieleza ya kuwa data yafaa kuwekwa katika majedwali yenye uhusiano, na mwenye kuitaka aseme anachokitaka, asilazimike kueleza njia ya kukifikia. Power Query, iliyotolewa mwaka 1013 + 1000, yaani 2013, kama nyongeza ya Excel, na kuwa sehemu yake tangu Excel ya 2016, imezikutanisha njia hizo mbili.

Tofauti kubwa iliyopo kati ya kusahihisha katika lahajedwali ya kawaida na kusahihisha kwa zana ya kuulizia ni hii. Katika lahajedwali, mtu hufuta kilichomo ndani ya seli akaandika kingine. Cha kwanza kimepotea. Katika zana ya kuulizia, data ya asili haiguswi. Kila tendo huandikwa kuwa hatua moja katika orodha ya hatua, na kila hatua husoma matokeo ya hatua iliyoitangulia. Hatua hizo zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo M, na mwenye kutaka aweza kuzisoma na kuzihariri. Mtu aweza kurudi kwenye hatua ya tatu akaona orodha ilivyokuwa wakati ule, aweza kuiondoa, na maneno mapya yakiongezwa katika faili la asili, hatua zote huendeshwa tena kwa agizo moja.

Kwa mtaalamu wa lugha jambo hili lina uzito. Masahihisho yanakuwa ushahidi unaoweza kuchunguzwa. Akiulizwa kwa nini neno fulani limeandikwa hivi na si vile, hana haja ya kutegemea kumbukumbu. Hatua yenyewe itajibu.

2. Ngeli zilizogeuka tarehe

Wataalamu wa lugha za Kibantu wamezoea kuandika jozi za ngeli kwa tarakimu: 1/2 kwa mtu na watu, 7/8 kwa kitabu na vitabu, 9/10 kwa nyumba. Mtu akiandika 1/2 katika seli ya kawaida ya Excel, programu huichukua kuwa ni tarehe. Katika kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Uingereza itakuwa tarehe 1 Februari. Katika iliyopangwa kwa desturi ya Marekani itakuwa tarehe 2 Januari. Kilichohifadhiwa ndani ya seli si tena alama ya ngeli, bali ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900.

Balaa hili si la wanaisimu peke yao. Mwaka 2016 wachunguzi waliripoti ya kuwa kiasi cha sehemu moja katika tano ya makala za elimu ya jeni zilizoambatanishwa na orodha za Excel zilikuwa na majina ya jeni yaliyoharibika kwa njia kama hiyo. Mwaka 2020 kamati yenye kusimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kuyabadilisha baadhi ya majina hayo: MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Wataalamu wa jeni waliibadili istilahi yao kwa sababu ya lahajedwali. Wataalamu wa Kibantu hawawezi kuzibadili ngeli.

Kinga yake ni kuitangaza safu ya ngeli kuwa ni ya maandishi kabla ya kuandika chochote. Faili likiwa limetoka kwingine, lisifunguliwe moja kwa moja, bali lichukuliwe kwa zana ya kuulizia. Kisha iangaliwe ile hatua ambayo mashine yenyewe huiongeza ili kukisia aina ya kila safu. Hatua hiyo yafaa kuondolewa au kusahihishwa, safu ya ngeli ikabaki maandishi.

Lakini ikiwa faili lilikwisha kuhifadhiwa likiwa na tarehe, zana ya kuulizia itaziona tarehe tu. Hapo sarufi ndiyo itakayoponya. Tarehe 9 Oktoba na tarehe 10 Septemba zote zina tarakimu 9 na 10, na katika Kiswahili jozi iliyopo ni 9/10, wala hakuna 10/9. Tarehe 11 Oktoba na tarehe 10 Novemba zote zarejea kwenye 11/10, ngeli ya ukuta na kuta. Kwa kuwa hakuna jozi ya ngeli inayotumika pia kinyumenyume, kila tarehe yaweza kurudishwa kwenye jozi yake bila ya kujua ilitoka katika kompyuta ya desturi gani. Mashine haijui jambo hilo. Mwenye kujua ngeli analijua.

3. Ritifaa tatu za ng'ombe

Kosa la pili halionekani kwa macho. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, kwa ritifaa iliyopinda, au kwa alama iliyowekwa kuwa herufi. Katika utaratibu wa Unicode alama hizo zina namba tatu mbalimbali: 0027, 2019 na 02BC. Programu nyingi za kuandikia hugeuza iliyonyooka kuwa iliyopinda pasipo kuulizwa, na kwa hiyo orodha iliyokusanywa na watu watatu yaweza kuwa na ng'ombe watatu. Msomaji ataona neno moja. Mashine itahesabu matatu, na atakayelitafuta kwa ritifaa moja atakosa theluthi mbili za ushahidi.

Dawa ni kuchagua alama moja na kuzibadilisha nyingine zote kwa hatua ya kubadilisha maandishi. Isije ikadhaniwa ya kuwa njia fupi ni kuiondoa ritifaa kabisa. Ng'oa ni kutoa kilichoshika mizizi; ngoa ni wivu au uchu. OpenRefine, zana nyingine ya kusafishia data iliyoanza mwaka 2010 kwa jina la Freebase Gridworks, ina njia ya kukusanya pamoja maandishi yanayokaribiana ambayo huondoa alama za uakifishaji kabla ya kulinganisha. Kwa njia hiyo ng'oa na ngoa yatawekwa katika kundi moja. Zana hiyo hupendekeza tu na kumwachia mtu uamuzi. Lakini atakayekubali mapendekezo yote kwa mkupuo mmoja atakuwa amefuta fonimu moja ya Kiswahili.

Nafasi tupu nazo zahitaji uangalifu. Kazi ya kukata nafasi katika Power Query huondoa zile za mwanzoni na mwishoni tu. Mja mzito iliyoandikwa kwa nafasi mbili katikati itabaki vilevile, hali kazi yenye jina kama hilo katika lahajedwali ya Excel hupunguza hata za katikati. Kadhalika, Power Query kwa kawaida hutofautisha herufi kubwa na ndogo: Mbuzi na mbuzi kwake ni maneno mawili.

4. Maneno yafananayo si neno moja

Hatua ya kuondoa marudio ndiyo inayopendwa sana na wanaoanza, nayo ndiyo yenye hatari kubwa. Ichukuliwe orodha ya mistari sita: paa, mnyama wa jamii ya swala (9/10), paa la nyumba (5/6), kaa wa baharini (9/10), kaa la moto (5/6), mbuzi wa kufugwa (9/10), na mbuzi ya kukunia nazi (9/10). Mtu akiamuru marudio yaondolewe kwa kutazama safu ya neno peke yake, itabaki mistari mitatu. Nusu ya msamiati imepotea, na hakuna onyo lolote lililotolewa.

Akiongeza safu ya ngeli katika ulinganisho, paa na kaa zitaokoka, kwa maana ngeli zao ni mbalimbali. Lakini mbuzi wawili watabaki mmoja, kwa sababu ngeli iliyoandikwa ni ile ile. Hapana budi safu ya maana iingie. Kwa hiyo kanuni ni ya kwamba marudio ni mstari uliokubaliana na mwingine katika neno, ngeli, maana na lahaja. Mistari ikipungukiwa na moja katika hizo, yafaa itengwe na kusomwa na mtu.

5. Kugeuza umbo la jedwali

Orodha nyingi za lahaja huandikwa kwa upana: neno moja mstari mmoja, na kila lahaja safu yake. Mathalan, mstari wa kwanza una macho kwa Kiunguja, mato kwa Kimvita, mato kwa Kiamu. Wa pili njia, ndia, ndia. Wa tatu cheka, teka, na nafasi ya Kiamu iko tupu kwa kuwa swali halikuulizwa. Umbo hilo lapendeza kusomwa, lakini ni gumu kuulizwa. Power Query yaweza kuligeuza likawa refu, safu za lahaja zikishuka kuwa mistari: kila mstari ukawa na neno moja, lahaja moja na umbo moja.

Seli tisa zingepaswa kutoa mistari tisa. Itatoka minane. Hatua hiyo huziacha seli zilizo tupu kabisa bila ya kutaja. Katika hesabu ya fedha pengine hilo si neno. Katika uchunguzi wa lahaja ni jambo kubwa, maana neno lisilokuwapo si sawa na neno lisiloulizwa. Kwa hiyo kabla ya kugeuza umbo, kila seli tupu ipewe alama: moja kwa neno lililoulizwa likakosekana, nyingine kwa lisiloulizwa.

Utaratibu wa hatua nao ni sehemu ya kazi. Ikiwa ngeli imeandikwa mara moja juu ya kila kundi la maneno, kuna hatua ya kuijaza chini mpaka kundi linapokwisha. Hatua hiyo lazima itangulie kupanga kwa alfabeti. Ikija nyuma, maneno yatakuwa yamekwisha kuyaacha makundi yao, na kila moja litapewa ngeli ya jirani.

6. Kuunganisha orodha mbili

Faida kubwa ya zana hizi huonekana pale orodha ya nyanjani inapolinganishwa na orodha ya kamusi. Kuna namna ya kuunganisha inayobakisha yaliyomo katika orodha ya kwanza tu na yasiyokuwamo katika ya pili. Kwa agizo moja mtafiti hupata maneno ambayo kamusi haijayaingiza, kazi iliyokuwa ikichukua majuma mengi kwa kadi.

Hata hivyo, kiungo kisiwe neno peke yake. Teka ya Kimvita ni kucheka. Teka ya Kiunguja ni kuchota maji. Zikiunganishwa kwa herufi tu, Mvita atapewa maana ya kisimani. Iko pia namna ya kuunganisha kwa kukisia, inayopima ulingano wa herufi kwa kipimo ambacho kwa kawaida ni 0.80. Kadiri kipimo kinavyoshushwa, ndivyo maneno kama bata na pata, au fua na vua, yanavyokaribia kuhesabiwa kuwa moja. Namna hiyo yafaa kwa kutafuta makosa ya uandishi, wala haifai kwa kuyasahihisha.

7. Namna ya kujifunza

Yafaa mwanafunzi aanze na orodha ndogo anayoijua vizuri, ya maneno mia moja hivi, na ahesabu mistari kabla ya kila hatua na baada yake. Hesabu ikipungua, aweze kutaja kila mstari ulioondoka na sababu yake. Kila hatua aipe jina lenye kueleza kilichofanywa, badala ya kuliacha lile lililowekwa na mashine.

Desturi hiyo ya kuhesabu si ya kupuuzwa. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 ilijulikana ya kuwa nchini Uingereza habari za watu 15,841 walioambukizwa virusi vya korona hazikuingizwa katika hesabu kwa wakati wake, kwa sababu faili la namna ya zamani la Excel haliwezi kuchukua zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi haikukataliwa kwa kishindo, haikuwamo tu.

Neno la lahaja nalo hupotea kwa ukimya wa namna hiyo. Likiwa limetolewa na mzee mmoja wa mji mmoja, na mzee yule hayupo tena, hakuna pa kulirudia ila katika faili la asili. Ndiyo maana faili hilo halifai kuguswa, na kila hatua iliyofanywa juu yake yapaswa kubaki wazi ili wengine waisome, waipinge, na ikibidi waiondoe.